Nimelipa dola 118 kwenda kufanya kibarua shambani Massachusetts (uzi kwa mnaotaka kwenda na familia)

Mwana wa Mlalo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuunganishe na ule uzi wa gharama za maisha, huu ni wa shamba.

Naishi Lowell, Massachusetts, mwaka wa tisa sasa. Kila Septemba ikiingia, kazini Jumatatu wanaulizana: mlienda kuchuma maepo? Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Nimezaliwa Mlalo, Lushoto. Nimebeba tenga la plamu kichwani tangu nina miaka saba, alfajiri na ukungu, kuwahi gari la kushuka Mombo. Nimevuka bahari nisichume tena tunda la mtu, halafu nilipe nilichume?

Mwaka huu nimekwenda, na aliyenipeleka ni mama yangu mzazi. Amekuja kututembelea, na wiki ya tatu akawa amechoka kukaa ndani anatazama maegesho ya magari. Akaniuliza, "Hivi huku hakuna hata shamba la kutazama?" Nikaona aibu. Tukapanda gari: mimi, mama watoto, binti wa miaka kumi na moja, kijana wa miaka sita, na bibi yao mbele na kanga yake juu ya koti.

Nusu saa kutoka Lowell uko Nashoba Valley, upande wa Harvard, Bolton na Stow (Harvard hii ni kijiji, chuo kiko kwingine). Huko ni mashamba ya maepo tu, mengi ya familia, mengine kizazi cha tatu au cha nne. Ukienda mbele kidogo unakuta Leominster, alikozaliwa mwaka 1774 yule John Chapman wanayemwita Johnny Appleseed, aliyezunguka akipanda miche ya maepo. Barabara imejaa vibao vyake.

Kosa langu la kwanza: nilikwenda Jumamosi ya wikiendi ya mapumziko ya Oktoba, ile ambayo Jumatatu yake ni sikukuu. Wakuu, foleni ya kuegesha gari dakika hamsini. Kijana akaomba kukojoa mara mbili. Msifanye hivyo. Nendeni Ijumaa, au Jumapili asubuhi wenzenu wakiwa kanisani.

Sasa hesabu, maana najua mtaiuliza. Mfuko wa nusu busheli, kama kilo tisa hivi za maepo, dola 40. Kuingia kwenye mahindi dola 12 kwa kichwa, tukaingia wanne, 48. Donati za maepo dazeni moja 14. Nusu galoni ya saida (cider, kinywaji cha maepo) 8. Maboga mawili 8. Jumla 118.

Hapo kwenye mahindi niseme kidogo. Wanalima ekari kadhaa za mahindi, wanakata njia ndani yake zinazopindapinda, nawe unalipa uingie upotee. Walianza mwaka 1993 kule Annville, Pennsylvania, na sasa karibu kila shamba la maboga linayo. Mama alipoelezwa akakunja uso: "Nilipe nipotee? Nilishapotea kwenye mahindi bure." Akakaa nje kwenye robota la nyasi.

Mimi nikaingia kifua mbele. Nikawaambia wanangu, baba yenu amekulia kwenye mahindi, tulieni. Mahindi hupandwa kwa mistari, si ndiyo? Ukishika mstari mmoja ukaufuata bila kupinda utatokea mwisho wa shamba tu. Nikachutama nitazame mashina. Mstari huu unakwenda kaskazini. Sawa. Nasogea hatua mbili, mwingine unakwenda mashariki. Nikarudi. Kumbe hawa jamaa wamepanda mara mbili, mara ya kwanza kwa urefu, mara ya pili kwa kukatiza, ili yasonge usione upande wa pili. Utaalamu wangu wa Mlalo ukaishia hapo. Tumezunguka dakika arobaini, tumepita kwenye kibao kilekile chenye picha ya kunguru mara tatu. Aliyetutoa ni binti, alikuwa anahesabu kona kimya kimya na kuweka alama kwenye karatasi tuliyopewa mlangoni ambayo mimi niliikunja nikaiweka mfukoni.

Tunatoka, namkuta mama ana rafiki.

Nitaendelea, nampeleka mtoto mpirani.

Kaka Mkavu

Dola 118! Hiyo ni kama laki tatu hivi ya Tanzania mkuu. Duka lolote hapo kwenu kilo tisa za maepo unapata chini ya hiyo 40, na hupotei. Wazungu wametuuzia kibarua kwa jina la burudani, nasi tunashangilia.

Nesi wa Lowell

Wah, Mwana wa Mlalo umenichekesha hadi mgonjwa wangu ameamka. Mimi ni Mkenya wa Nyandarua, niko hapa Lowell pia. Hiyo ya kupotea kwa mahindi nimewahi ingia na viatu vya kanisa siku imenyesha, matope hadi kwa goti. Endelea haraka. Na uulizie kama wana seveve, yale majani ya maboga, mimi ndicho kitu nataka kwa hayo maboga yao.

Mpemba wa Ohio

Asalaam alaykum. Kwanza mleta uzi, hayo si maepo, ni matofaa. Ingawa kwetu Pemba ukisema tufaa mtu anakuletea lile jekundu laini la majimaji linalonukia waridi, ambalo huku hawalijui. Basi tuseme maepo yaishe.

Swali langu ni hiyo saida. Kazini waliniletea, nikaikataa, nikaambiwa nina wasiwasi bure. Si ni pombe hiyo?

Mwana wa Mlalo

Waalaykum salaam mkuu. Naanza na lako kabla ya kuendelea.

Huku Marekani saida ya shambani ni juisi ya maepo yaliyosagwa na kukamuliwa, haichujwi, ndiyo maana ni ya kahawia na ina machicha chini. Haijachacha. Ikiitwa "hard" ndiyo pombe, na huuzwa kando kwa kitambulisho. Ila jokofuni isikae muda mrefu: ukiona kopo limevimba na ukifungua linapumua, hiyo imeanza safari yake, achana nayo.

Halafu soma lebo. Mashamba mengine huipitisha kwenye joto au mwanga wa UV kuua vijidudu, mengine huuza mbichi na sheria inawalazimu waandike onyo. Mbichi usimpe mtoto mdogo, mjamzito wala mzee.

Shemeji wa Leicester

Naongezea kwa walioko Uingereza: huku ni kinyume. Saida ni pombe moja kwa moja, na juisi huitwa juisi. Nilimnunulia mama mkwe chupa mbili sokoni kwa kuamini maelezo ya ndugu wa Marekani. Sitasimulia zaidi.

Mpemba wa Ohio

Hahaha. Allah atusamehe sote. Jazakallah mleta uzi.

Mwana wa Mlalo

Tuendelee.

Rafiki wa mama alikuwa Mjamaika, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mapumziko ya chakula, ndoo ya kuchumia imening'inia kifuani kwa mikanda kama mbeleko iliyogeuzwa mbele. Wajamaika wanakuja kuchuma maepo New England tangu Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1943, na hadi leo wanakuja kwa viza ya H-2A, ya vibarua wa mashambani, wanafanya msimu, wanarudi kwao. Yale yaliyopangwa dukani, Kaka Mkavu, mengi ni mikono yao. Sisi wa wikiendi tunachuma ya pembeni tu, miti iliyoachwa kwa ajili ya wageni.

Mama hajui Kiingereza, yeye hajui Kiswahili. Nimewakuta wameinama chini ya mti, kila mmoja ameshika epo. Jamaa anamwonyesha mama: usilivute. Liweke kiganjani, linyanyue juu, lizungushe kidogo, linakuja na kikonyo chake. Ukilivuta unang'oa na kile kijitawi kifupi chenye chipukizi la mwakani, na tawi zima linatikisika, mengine matatu yanaanguka. Mama akalinyanyua, akalizungusha, likatoka bila jani kutikisika. Jamaa akacheka, akaniambia, mlete Jumatatu, hapa kuna kazi.

Nikamtafsiria mama. Akauliza wanalipa shilingi ngapi, na alikuwa hatanii.

Kuna mambo mawili alinishika nayo nikashindwa kumjibu, ikabidi nimuulize mwenye shamba, mama mmoja wa makamo aliyekuwa kibandani anauza donati huku anaelekeza trekta kwa redio ya mkononi. La kwanza: mbona miti mifupi hivi? Mama alisema ni kama mibuni iliyokatwa, unafika kileleni bila ngazi. Jibu ni shina la chini. Wanabebesha tawi la epo wanalolitaka juu ya shina la aina fupi kama M9, lililochaguliwa na kupewa jina East Malling, Uingereza, basi mti wote unabaki mfupi, unazaa mapema, lakini mizizi yake ni dhaifu, lazima uegemezwe kwenye nguzo na waya. Mama kubebesha anakujua, ameyabebesha maparachichi yake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ila nguzo hakuzipenda. Alisema mti wa kushikiliwa ni kama mume wa kushikiliwa. Hilo sikulitafsiri.

La pili ni yaliyoanguka. Wakuu, chini ya ile miti kuna maepo mengi kuliko juu, mekundu, mazima, yanaoza. Mama alianza kuyaokota kwenye kanga. Nikamzuia, akanikasirikia. Mwenye shamba akaeleza: paa wanapita humo usiku wanaacha kinyesi, kwa hiyo lililogusa ardhi hawaliuzi, wala hawalikamulii saida. Linaliwa na nguruwe au linaachwa liwe mbolea. Mama akasikiliza, akasema sawa, lakini njia nzima kurudi nyumbani alikuwa akirudia, "Yale ya chini yale."

Huyo mama wa shamba alinieleza pia habari ya 2023. Usiku wa kuamkia 18 Mei ile miti imeshachanua, baridi ikashuka chini ya sifuri, maua na vitunda vichanga vikaungua, mashamba mengi ya New England yakapoteza sehemu kubwa ya mazao kwa usiku mmoja. Akasema mwaka ule kilichowavusha ni mahindi ya kupotelea, maboga na donati. Kaka Mkavu, nikaiangalia ile 48 yangu kwa jicho lingine. Epo ni kilimo, mahindi yale ni bima.

Kuhusu mahindi yenyewe, mama aliliambua moja. La njano, gumu, limebonyea kichwani. Ni ya kulishia ng'ombe, yanaachwa yakauke hadi Novemba ndiyo yavunwe kwa mashine. Akalitazama akasema, "Haya ndiyo yale ya unga wa Yanga." Waliokula ugali wa njano miaka ya foleni mtanielewa. Alikuwa akidhani yaliliwa yote yakaisha.

Njombe Baridi

Mkuu huu uzi umenigusa, niko Njombe, nina robo eka ya maepo. Huko wanapanda aina gani? Hiyo Honeycrisp ninayoiona mitandaoni ingekubali huku?

Mtu wa Minneapolis

Hapo niachieni mimi. Honeycrisp ni ya huku kwetu, ilizalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota, walichanganya mwaka 1960 wakaitoa kwa wakulima 1991, na tangu 2006 ndiyo tunda rasmi la jimbo. Ukiling'ata linavunjika kwa mlio, maji yanaruka. Lakini mkuu wa Njombe, lile limetengenezwa kwa baridi ya Minnesota. Epo linahitaji saa nyingi za ubaridi wakati mti umelala, lisipozipata halifungui macho vizuri. Tafuta aina zinazohitaji baridi kidogo kama Anna na Dorsett Golden, na upande zote mbili karibu, zinachavushana.

Njombe Baridi

Anna ninayo. Huwa tunayapukutisha majani kwa mkono baada ya kuvuna ili mti uchanue tena. Wazee walitufundisha.

Mwana wa Mlalo

Ona sasa! Huku majani yanapukutika yenyewe na watu wanaendesha gari saa nne kuja kuyapiga picha.

Na hapo kuna neno lilinisumbua siku nzima. Kijana wangu shuleni kwake wanafundishwa majina ya misimu, akamwambia bibi, huu ni wakati wa vuli. Mama akashangaa: vuli gani ya kuvuna? Kwetu vuli ni mvua za Oktoba na Novemba, unapanda maharage. Huku vuli ni jani limekufa, shamba linafungwa, kinachofuata ni theluji. Neno moja, mmoja anashika jembe, mwingine analining'iniza ukutani. Mtoto alimsikiliza bibi, halafu akamwambia bibi amekosea.

Dada wa Portland

Niko Maine, asili yangu Bukavu. Mleta uzi hujasema kitu kimoja cha lazima: kupe. Wale wa paa, wadogo kama mbegu ya ufuta, Oktoba bado wanatembea, na ndio wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Vaeni suruali ndefu, ingizeni ndani ya soksi hata kama mnaonekana washamba. Jioni mkirudi vueni watoto wote, angalieni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na nyuma ya masikio, kwenye nywele pia. Mwaka juzi nilimtoa mmoja kwenye shingo ya mwanangu akiwa ameshajishikiza.

Mwana wa Mlalo

Asante sana dada, hilo sikulijua, na tulienda na kijana amevaa kaptula. Usiku huu namkagua ingawa ni wiki ya pili.

Kaka Mkavu

Kumbe na kupe wamo kwenye bei.

Nesi wa Lowell

Kaka Mkavu wewe pia unahitaji kutolewa nje siku moja. Mwana wa Mlalo, seveve?

Mwana wa Mlalo

Nilikuwa naiweka mwisho.

Maboga kwanza, maana hapo watu wengi mnapigwa. Yale makubwa ya rangi ya chungwa yaliyopangwa mbele ni ya kuchongwa sura kwa ajili ya Halloween. Ndani ni nyuzi na maji, ukilipika linakuwa kama limelia. Mwaka wangu wa pili hapa nililibeba moja begani, nikalipika na nazi, mama watoto alilionja akaenda kutengeneza mayai. Ulizia kabocha: dogo, la kijani iliyoiva, ganda gumu. Ndani ni kavu, tamu, linashikana, ukilichemsha na chumvi kidogo unaweza kulila na chai kama nyumbani. Lisipokuwepo chukua yale madogo wanayouza kwa ajili ya pai. Mbegu kaanga za aina yoyote.

Sasa majani. Nilimwambia yule mama wa shamba kwamba sisi boga tunalila kuanzia juu. Hakunielewa. Nikamweleza: unachuma majani machanga ya nchani, unavua zile nyuzi za kwenye kikonyo kwa kuzivuta hadi kwenye jani, unakatakata, unapika na karanga au nazi. Akanitazama, akamwita mumewe. Wote wawili wakatuchukua kwa trekta hadi ukingoni mwa shamba la maboga.

Wakuu, mama yangu alishuka kwenye trekta kama mtu aliyefika msibani. Majani yote yamekuwa meupe kwa ukungu, kama yamenyunyiziwa unga, na yaliyobaki yameunguzwa na baridi ya usiku, meusi, yamelala. Maboga yamekaa wazi chini yake kama mayai. Alikamata moja la nchani, akalisugua kwa dole gumba, likabaki vumbi. Akasema, "Waambie wamechelewa kuvuna."

Nikatafsiri. Yule mzee wa shamba hakucheka. Akauliza tungeyataka lini. Mama akasema mwanzoni, mmea ukianza kutambaa. Wakahesabu wenyewe: huku maboga hupandwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo ni kuanzia Julai. Nikauliza kuhusu dawa. Akasema kwenye maboga huanza kupuliza dawa ya ukungu ukungu unapoonekana, kwa kawaida baadaye kiangazi, na kwamba angetuachia mistari miwili ya mwisho asiiguse kabisa. Akauliza bei tunayonunulia. Hapo nikawa mjanja, nikamwambia nitamletea jibu.

Nesi wa Lowell

Usimwambie bei ya duka la Waafrika, tafadhali! Na kama huna habari, Lancaster hapo karibu kuna Flats Mentor Farm, wahamiaji na wakimbizi wanalima huko, mboga za kwetu unapata. Lakini mistari miwili mizima ya seveve bila dawa, nusu saa kutoka kwangu? Weka jina langu.

Njombe Baridi

Yaani mnaenda kumfundisha Mmarekani kuuza majani. Safi sana. Mama bado yupo?

Mwana wa Mlalo

Ameondoka Jumanne. Uwanja wa ndege alikuwa na maepo matatu kwenye mkoba, nikamwambia hayavuki, akayala yote matatu kwenye foleni ya ukaguzi, mbegu akanipa mimi mkononi.

Ya Julai: Jumamosi ya pili, kuondoka saa mbili asubuhi kwenye maegesho ya kanisa la Wakenya. Gari langu lina siti saba. Nesi ameshachukua moja, mama watoto moja, watoto mbili. Zimebaki mbili, na mmoja lazima awe anajua kuvua nyuzi haraka.

Kaka Mkavu

Kuna kiingilio?

Mwana wa Mlalo

Hakuna.

Kaka Mkavu

Niandike.